Julian Edelman na msimu wa 2013: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mpokeaji wa sloti

Kwa nini msimu mmoja wa mchezaji huyu bado unazungumzwa?

Kwa sababu hakuna aliyeuona ukija. Julian Edelman alikuwa ameichezea New England Patriots, timu ya futiboli ya Kimarekani, misimu minne, kuanzia 2009 hadi 2012, na katika misimu yote hiyo alidaka mipira 69. Mwaka 2013 peke yake akadaka 105. Yadi alizosonga mbele kwa mipira hiyo ya misimu minne zilikuwa 714. Za msimu huo mmoja zikawa 1,056. Alikuwa na miaka 27, umri ambao makocha huwa wameshaamua mpokeaji, yaani mdakaji wa pasi, ni wa kuanza au ni wa benchi, na yeye walikuwa wameshamweka benchi.

Ukurasa huu nimeuandika kwa ajili ya Waswahili wanaoufuatilia mchezo huu wa Kimarekani, wengine wakiwa kule kule Marekani, wengine wakikesha Dar, Mombasa au Nairobi. Maswali haya nimeulizwa sana. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: nafasi aliyoipata Edelman ililetwa na bahati, lakini alichokifanya ndani ya nafasi hiyo hakikuwa bahati hata kidogo.

Mpokeaji wa sloti ni nani hasa?

Hili ndilo swali la msingi, kwa hiyo nivumilie nilijibu kwa kirefu.

Timu inayoshambulia ina watu 11 uwanjani. Wasiopungua saba kati yao lazima wajipange kwenye mstari ulipo mpira. Katikati wanakaa wale watano wakubwa wanaomkinga kwotabeki, yule anayerusha pasi. Mpokeaji wa pembeni anasimama mbali, karibu na chaki ya ukingo wa uwanja. Kati ya huyo wa pembeni na wale wakubwa wa katikati pana mwanya, na mwanya huo ndio unaoitwa sloti. Anayesimama hapo, hatua moja au mbili nyuma ya mstari, ndiye mpokeaji wa sloti.

Hatua hizo mbili za nyuma zinaonekana ndogo, lakini zina maana kubwa. Beki anaruhusiwa kumsukuma mpokeaji ndani ya yadi tano za kwanza tu. Mpokeaji aliye mstarini anakabwa kifuani mara tu mpira unapoanzishwa, ilhali wa sloti anakuwa ameshapata nafasi ya kunyanyua mguu. Tena hana chaki ya kumbana upande mmoja. Wa pembeni akielekea nje, uwanja unamwishia. Wa sloti anaweza kukata kulia au kushoto na kote kuna nyasi.

Kama unatoka kwenye kandanda yetu, mfikirie namba 10 anayecheza kati ya mistari, yule ambaye kiungo mkabaji anasema si wangu na beki wa kati anasema si wangu. Na kama utotoni ulicheza rede, unaikumbuka ile hali ya kuwa katikati, watu wawili wanakulenga, na usalama wako wote uko kwenye kugeuka haraka katika eneo dogo. Mbio za mita 100 hazikusaidii pale. Kinachokusaidia ni nyonga na vifundo vya miguu.

Gharama yake ni mwili. Katikati ya uwanja ndiko wanakokaa lainibeka, watu wa kilo 105 au 110, na wale mabeki wa nyuma wanaokuja wakiwa wameshashika kasi. Mpokeaji wa sloti anaudaka mpira akiwa amewapa ubavu au mgongo. Edelman ana urefu wa sentimita 178 na alikuwa akicheza na uzito wa kilo 90 hivi. Katika ligi ile huyo ni mtu mdogo.

Kazi yake ni ipi ndani ya mechi?

Kushambulia kunakwenda kwa majaribio manne ya kupata yadi 10. Ukizipata, unapewa mengine manne. Timu nyingi zikifika jaribio la nne huubutua mpira mbali, kwa hiyo jaribio la tatu ndilo la kufa na kupona. Likibaki la yadi tano au sita, kwotabeki anamtafuta mtu atakayekuwa wazi ndani ya sekunde mbili, si nne. Mtu huyo mara nyingi ni wa sloti. Hapati picha za ukurasa wa mbele, lakini ndiye anayewafanya wenzake wasitoke uwanjani.

Kabla ya 2013 Edelman alikuwa nani?

Chuoni Kent State, jimbo la Ohio, hakuwa mpokeaji kabisa. Alikuwa kwotabeki, na kwotabeki wa kukimbia: mwaka 2008 alikimbia na mpira kwa yadi 1,370. Hakualikwa kwenye yale majaribio makubwa ya Indianapolis ambako wachezaji wa vyuo hupimwa mbele ya timu zote. Alipopimwa chuoni kwao, zoezi la kwenda na kurudi la yadi 20 alilimaliza kwa sekunde 3.91, muda ambao hata wale walioalikwa wangeutamani. Patriots wakamchukua kwenye drafti ya 2009, zoezi la timu kuchagua wachezaji wa vyuo, katika raundi ya saba, ambayo ni ya mwisho, akiwa wa 232 kuchaguliwa.

Walimchukua bila kujua watamtumia wapi, na ukiangalia kazi walizompa utaamini. Alirudisha mipira iliyobutuliwa na wapinzani, na Januari 2011 aliurudisha mmoja yadi 94 hadi tachidauni, yaani bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, dhidi ya Miami. Msimu wa 2011, mabeki walipoumia, kocha Bill Belichick alimhamishia ulinzini. Mpokeaji akawa anawakaba wapokeaji! Mwaka huo alidaka mipira minne tu. Mwaka 2012 alianza kupata nafuu kidogo, akafikisha mipira 21, kisha akavunjika mguu Disemba na msimu ukaishia hapo.

Kwa hiyo alipofika mwisho wa mkataba wake, timu nyingine zilimwona kama mtu wa kazi ndogondogo, na tena majeruhi. Alirudi Patriots kwa mkataba wa mwaka mmoja, kwa fedha zilizokaribia kima cha chini cha ligi kwa mtu wa miaka yake ya utumishi.

Nafasi aliipataje?

Kwa nyumba kuhamwa. Wapokeaji watano walioongoza Patriots mwaka 2012 walikuwa Wes Welker mwenye mipira 118, Brandon Lloyd 74, Rob Gronkowski 55, Aaron Hernandez 51 na Danny Woodhead 40. Ukijumlisha unapata mipira 338. Mechi ya kwanza ya 2013 ilipoanza, hakuna hata mmoja kati ya hao watano aliyekuwa uwanjani kwa Patriots. Welker alikwenda Denver, Woodhead San Diego, Lloyd aliachwa, Hernandez alifukuzwa mwezi Juni siku ile ile aliyokamatwa na polisi, na Gronkowski alikuwa bado anauguza.

Lakini angalia hapa, kwa sababu wengi hupakosea: Edelman hakuwa mrithi aliyeandaliwa. Mrithi wa Welker alikuwa Danny Amendola, aliyeletwa kutoka St. Louis kwa mkataba wa miaka mitano. Amendola ndiye aliyelipwa, ndiye aliyetangazwa, na ndiye aliyeanza vizuri Buffalo siku ya kwanza kabla ya msuli wa nyonga kumwangusha. Waliobaki pembeni walikuwa wageni wa ligi, Aaron Dobson na Kenbrell Thompkins, vijana wenye mwili na kasi ambao walikuwa bado wanajifunza lugha ya timu.

Kwotabeki wa Patriots, Tom Brady, akiwa na miaka 36, akageuka kulia na kushoto na kumwona mtu mmoja tu aliyekuwa ameshakaa naye miaka minne mazoezini.

Takwimu zake kamili za msimu huo ni zipi?

Mechi 16 kati ya 16. Mipira 151 ilirushwa kwake, akadaka 105, sawa na karibu 70 kwa kila 100. Yadi 1,056, wastani wa yadi 10.1 kwa mpira, tachidauni sita. Katika ligi nzima waliodaka mingi kumzidi walikuwa watatu tu: Pierre Garçon wa Washington aliyedaka 113, Antonio Brown wa Pittsburgh 110 na Andre Johnson wa Houston 109.

Ndani ya timu yake pengo lilikuwa kubwa. Aliyemfuata ni Amendola mwenye mipira 54. Pasi za Brady zilizofika msimu huo ni 380, kwa hiyo zaidi ya robo ziliishia mikononi mwa mtu mmoja.

Na huku akifanya yote hayo, aliendelea kurudisha mipira iliyobutuliwa. Hilo watu hulisahau. Ni kama mshambuliaji wako mkuu kuendelea kupewa kazi ya kusimama kwenye ukuta kila frikiki.

Yadi 10.1 kwa mpira si kidogo?

Ukimlinganisha na mpokeaji wa pembeni anayekimbilia mipira mirefu, ndiyo, ni kidogo. Ila swali lenyewe linampima mvuvi wa nyavu kwa urefu wa mshipi. Mpokeaji wa sloti hupokea mpira yadi tano, sita, saba kutoka mstarini, halafu zilizobaki anazitafuta mwenyewe baada ya kudaka. Ukihitaji yadi 10 kwa majaribio manne, mtu anayekupa wastani wa 10.1 kila anapodaka anakuwezesha kuanza upya kila mara. Hapo ndipo mashambulizi ya dakika saba au nane huzaliwa, yale yanayowachosha mabeki hadi mikono inashuka kiunoni.

Msimu ule Patriots walihitaji hivyo hasa. Hawakuwa na mtu wa kutegemewa kwa mipira mirefu, hivyo walitembea uwanja mzima kwa hatua fupi.

Kwa nini yeye alifaulu na wengine wakababaika?

Hapa ndipo utamu ulipo.

Katika mfumo wa Patriots, mpokeaji wa sloti mara nyingi haambiwi aende wapi. Anapewa njia ya chaguo. Anakimbia yadi tano au sita moja kwa moja, anamtazama beki, kisha anaamua. Beki akiwa amekaa upande wa ndani, anakata nje. Akiwa nje, anakata ndani. Wapinzani wakilinda kwa maeneo badala ya mtu kwa mtu, anasimama kwenye mwanya kati ya wawili na kugeuza uso. Uamuzi huo unafanyika ndani ya kufumba na kufumbua. Na wakati huo huo kwotabeki, yadi kadhaa nyuma, anamtazama beki yule yule na lazima afikie uamuzi ule ule, kwa sababu mpira unatoka mkononi mwake kabla mpokeaji hajageuka.

Wakisoma tofauti, mpira unaanguka kwenye nyasi tupu au kwenye mikono ya adui. Ndiyo maana Septemba ile Brady alionekana akiwakaripia vijana pembeni mwa uwanja. Dobson na Thompkins hawakuwa wavivu wala wabovu. Walikuwa wanaisoma sentensi neno kwa neno wakati mwenzao alishaijua aya nzima.

Sasa rudi kwenye historia ya Edelman. Huyu alikuwa kwotabeki chuoni. Miaka yote ya ujana wake alikaa nyuma akiwatazama mabeki na kujiuliza, huyu ananificha nini? Alipohamia upokeaji, mikono na miguu vilihitaji kufundishwa upya, lakini jicho alikuja nalo. Kisha msimu mmoja akacheza ulinzi, akakaa upande wa pili wa meza na kuona kile beki anachokiogopa. Watu huutaja mwaka wa 2011 kama mwaka aliopoteza. Mimi nauona kama mwaka wa shule. Sijui mpokeaji mwingine wa kizazi chake aliyepata elimu ya namna hiyo, kwotabeki, beki na mpokeaji katika mwili mmoja.

Ongeza mazoezi ya likizo. Edelman ni mzaliwa wa Redwood City, California, na Brady alikulia San Mateo, mwendo mfupi kutoka hapo. Likizo zilipofika alikuwa akimfuata Brady huko California wafanye mazoezi pamoja, kurusha na kudaka, kurusha na kudaka. Mtu aliyedaka mipira minne kwa msimu angeweza kujiona hana sababu ya kujisumbua hivyo.

Mechi gani zilieleza msimu wake?

Ya kwanza, 8 Septemba, Buffalo. Mipira saba, yadi 79, tachidauni mbili, Patriots wakashinda 23–21 kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Siku nne baadaye dhidi ya New York Jets, mvua ikinyesha, Amendola hayupo, Gronkowski hayupo, Brady alifikisha pasi 19 tu usiku kucha. Kumi na tatu kati ya hizo alizidaka Edelman. Zilimpa yadi 78 pekee, yaani sita kwa mpira, na ushindi ulikuwa 13–10. Nikiulizwa mechi bora ya msimu wake nataja hii, na watu hushangaa kwa sababu hakufunga.

Halafu ile ya 24 Novemba dhidi ya Denver. Kwa saa zetu ilianza saa kumi na nusu alfajiri ya Jumatatu. Foxborough, nyumbani kwa Patriots, palikuwa na baridi kali na upepo, na Patriots waliupoteza mpira katika mashambulizi yao matatu ya mwanzo. Mapumziko, 24–0 kwa Denver. Nakiri nilinyoosha mkono kuizima televisheni. Kipindi cha pili Edelman akafunga, akafunga tena, Patriots wakapata pointi 31 mfululizo, Denver wakasawazisha 31–31, ikaenda muda wa nyongeza. Alimaliza na mipira tisa, yadi 110 na tachidauni mbili.

Mwisho wa mechi hiyo una kitu ambacho huwezi kukitunga. Patriots waliubutua mpira, na aliyesimama nyuma kuupokea kwa Denver alikuwa Wes Welker. Alisita, hakuwahi kuwaonya wenzake waukwepe, mpira ukadunda na kumgusa mchezaji wa Denver, Patriots wakauokota na kupiga mkwaju wa ushindi, 34–31. Mwenye kiti wa zamani na mwenye kiti mpya walikuwa uwanja mmoja, usiku mmoja.

Wiki mbili baadaye, dhidi ya Cleveland, Gronkowski alichanika kano ya goti na msimu wake ukaisha. Patriots walikuwa nyuma 26–14, dakika moja imebaki, Edelman akadaka tachidauni. Wakaurudisha mpira kwa mkwaju mfupi, Amendola akafunga, 27–26. Tarehe 15 Disemba huko Miami walipoteza 24–20, ila yeye alikuwa na mipira 13 na yadi 139.

Mpira wa 100 na yadi ya 1,000 vilimsubiri hadi mechi ya mwisho, dhidi ya Buffalo tena.

Si Brady tu aliyemtengeneza?

Brady alimsaidia, sana. Lakini msimu wa 2013 haukuwa wa fahari kwa Brady mwenyewe: tachidauni 25 za pasi, wakati mwaka uliotangulia alikuwa na 34. Kwotabeki yule yule, mfumo ule ule, mratibu wa mashambulizi yule yule Josh McDaniels, na bado wapokeaji wengine walihangaika. Kama Brady alikuwa mashine ya kutengeneza watu, angewatengeneza wote.

Nadhani ukweli ni kwamba mwaka ule walibebana. Patriots walimaliza na ushindi 12 na vipigo vinne, na ukimwondoa Edelman kwenye timu ile sioni wangefikaje huko.

Je, alicheza sloti peke yake?

Hapana, na ni vizuri kulisema. Amendola alipopona alipewa sloti mara nyingi, na Edelman akasogezwa nje. Ndiyo sababu mabeki hawakujua wamsubiri wapi. Hata hivyo njia alizokimbia, hata akiwa nje, zilikuwa za mtu wa sloti: fupi, za kukata ghafla, za kuelekea katikati. Mazoea ya watu kumwita mpokeaji wa sloti ni sahihi kwa kazi, hata kama si kwa kila nukta aliyosimama.

Ukimlinganisha na Welker, nani zaidi?

Kwa wingi wa mipira katika msimu wa kawaida, Welker, bila ubishi. Alidaka 672 kwa misimu sita akiwa Patriots, na misimu mitano kati ya hiyo alivuka 100. Yeye naye alikuwa mtu wa kushangaza: hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 2004, na alipofika New England mwaka 2007 aliruka moja kwa moja hadi mipira 112.

Mwaka 2013, akiwa Denver na kwotabeki Peyton Manning, Welker alidaka mipira 73 na kufunga tachidauni 10. Hakuchakaa, alikuwa kwenye timu iliyovunja rekodi ya pointi za ligi. Timu hizo zilikutana tena 19 Januari 2014 kugombea tiketi ya Super Bowl, fainali ya ligi. Edelman alidaka mipira 10, yadi 89 na tachidauni moja, lakini Denver wakashinda 26–16.

Kwa mechi za mtoano, mimi namchagua Edelman. Ila wa tatu asisahauliwe: Troy Brown, aliyechaguliwa raundi ya nane mwaka 1993, akadaka mipira 101 mwaka 2001, na mwaka 2004 naye akapelekwa kucheza ulinzi. Njia ile Edelman aliikuta imeshapitwa.

Kuna uhusiano wowote kati ya msimu huo na Afrika Mashariki?

Upo mmoja wa kweli. Mwaka huo huo wa 2013 Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts bila kuwa amewahi kucheza mchezo huu, na Disemba aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza katika mechi ya ligi. Kwetu wengi hiyo ilikuwa sababu ya kwanza ya kuifuatilia ligi hiyo ya Marekani, NFL. Colts ndio Patriots waliokutana nao kwenye mtoano Januari 2014, wakawafunga 43–22, na Edelman akawa na yadi 84. Nawajua watu walioifungua mechi ile kwa sababu ya Colts ya Adongo, wakaondoka na jina la Edelman.

Baada ya hapo ikawaje?

Machi 2014 alipewa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 17. Februari 2015 ndiye aliyedaka tachidauni ya ushindi kwenye Super Bowl dhidi ya Seattle, 28–24. Februari 2017, dhidi ya Atlanta, aliuwahi mpira sentimita chache kutoka ardhini katikati ya mabeki watatu, mpira ambao bado unarudiwa kwenye televisheni. Alikosa msimu mzima wa 2017 kwa goti, na 2018 alifungiwa mechi nne kwa kuvunja kanuni za dawa za kuongeza nguvu. Doa hilo lipo na halifutiki kwa kulinyamazia. Mwisho wa msimu huo huo alichaguliwa mchezaji bora wa Super Bowl, mipira 10 na yadi 141, Patriots wakiifunga Los Angeles Rams 13–3. Alistaafu Aprili 2021 akiwa na mipira 620.

Sina muda wa kutazama msimu mzima. Nitazame nini?

Chukua mechi ya Jets ya 12 Septemba 2013, ile ya mvua. Usiufuate mpira. Kila mchezo unapoanza, mtafute namba 11 wa Patriots na umkazie macho miguu, si mikono. Hesabu hatua zake: moja, mbili, tatu, halafu ile ya kugonga chini kwa nguvu. Mwangalie beki anavyohamisha uzito wake kwenye hatua hiyo, na Edelman anavyokwenda upande uliobaki. Mpira ukifika utakuta umeshajua unakwenda wapi, nusu sekunde kabla ya mtangazaji.